Jamaa wa Nairobi Anayejibu Maswali ya Dunia Nzima

Kwa karibu miaka yote ya kazi yangu niliamini, kwa moyo wote na kwa akili zote nilizopata katika masomo ya jioni, kwamba mastaa wote wa dunia wanaojibu maswali mtandaoni ni mtu mmoja. Ni mwanaume. Yuko Nairobi, ghorofani juu kabisa, chumba hakina dirisha, na chapati anapitishiwa chini ya mlango. Ukimuuliza mcheza sinema wa Amerika, anayejibu ni yeye. Ukimuuliza mchekeshaji wa Lagos, ni yeye. Ukimuuliza bingwa wa mieleka, anatunisha kifua kidogo kwanza, halafu anajibu, na ni yule yule. Habari hizi nilipewa Lodwar na utingo wa lori la saruji, mtu aliyefika Nairobi mara mbili na kurudi na miwani ya jua. Sikuona sababu ya mtu mwenye miwani kama ile kunidanganya.

Siku mliponiaga pale ukumbini Kakuma, mkanilisha mbuzi mpaka nikashindwa kufunga mkanda, mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilimaanisha tu kuongezewa funguo mfukoni. Nitasema kazi yenyewe, ambayo hata mke wangu hakuwahi kuielewa. Akiulizwa mumeo anafanya nini, alikuwa anasema, "Anauliza." Na ni kweli. Niliwaulizia watu maswali yao. Mtu maarufu anakaa kwenye mtandao saa moja, mwimbaji, mchekeshaji, mcheza mpira, anasema niulizeni lolote. Dunia nzima inaandika. Wasomaji wakilipenda swali wanabonyeza mshale, swali linapanda juu, naye anajibu yale ya juu. Mimi nilikuwa vidole vya wale wasiojua kuandika, na mdomo wa wale wanaojua lakini wanaogopa.

Nilianzia Lodwar, katika saiba ya Nakiru, kile chumba cha kukodisha kompyuta na intaneti. Nakiru alikuwa mama wa Nawoitorong, mfupi, mwenye sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya pili ya mto Turkwel wakaja na wa jirani. Aliniajiri nifagie. Siku ya kwanza, kwa bidii yangu, nilifanya kile ambacho kila mtu wa kwetu hufanya nyumbani joto likizidi: nilichota ndoo ya maji nikaimwaga sakafuni ili vumbi lilale na chumba kipoe. Chini ya meza zile nyaya zilikuwa zimelala kama nyoka wamelewa. Ukatoka mlio, ukatoka moshi, na mteja mmoja aliyekuwa anaandika barua ya kuomba kazi ya polisi akaruka dirishani akiwa ameshika kibodi.

"Ejok, mama," nikamwamkia Nakiru kwa Kiturkana, yaani mambo mazuri, alipotokea mlangoni, maana sikujua la kusema.

"Si ejok!" akapiga kelele. "Si ejok hata kidogo! Unataka kupika kompyuta ama unataka kupika wateja?"

Hakunifukuza. Alinipa brashi ya kupakia rangi, ndogo, akaniambia kuanzia leo maji ni ya kunywa, vumbi linatolewa kwa brashi, kibonye kimoja kimoja. Brashi ile nimeitumia mpaka ikabaki na nywele chache kuliko kichwa changu. Ninawasihi, msidharau brashi. Vumbi la Turkana linaweza kuingia ndani ya yai bila kulipasua.

Jioni nilikwenda darasani, kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa masikioni, na mchana nilijifunza kwa Nakiru. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza. Wazee walikuwa wanakuja kutazama filamu kwenye kompyuta ya mwisho, na siku moja mcheza sinema mmoja, yule wa kofia pana na farasi, akatangaza kwamba atajibu maswali. Mzee Lokwang, mfugaji, akanigusa na fimbo. "Muulize huyo mwenye kofia," akasema. "Wale ng'ombe waliobebwa na mto, aliwapata?"

Niliandika ukurasa mzima. Nilianza na salamu, nikaeleza ukoo wa mzee, hali ya malisho na ukame. Nakiru akasoma nyuma ya bega langu, akafuta yote. "Ng'ombe waliobebwa na mto, uliwapata?" akaandika. Basi. Jibu likaja kabla mzee hajamaliza kutafuna tumbaku: ng'ombe waliazimwa tu kwa ajili ya picha, na wote walirudi nyumbani salama.

Nikamsomea. Mzee Lokwang akatikisa kichwa kwa huruma. "Anaongopa. Hakuna mtu anayeazimwa ng'ombe wengi hivyo na si harusi."

Mimi kimoyomoyo nikasema, bila shaka anaongopa, ni yule jamaa wa Nairobi, atajulia wapi ng'ombe. Nilimweleza Nakiru habari za jamaa huyo. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Haya." Nikachukua hiyo "haya" kuwa uthibitisho.

Alichonifundisha Nakiru ni hiki, na ndicho nilichonacho cha kuwaachia. Swali liwe fupi. Liwe moja. Usilie ndani yake, maana kila mtu analia. Lisome kwa sauti kabla hujatuma. Na liwe na kitu kitakachomfanya yule wa upande wa pili anyanyue macho kutoka kwenye mashine na kumgeukia mtu aliye karibu naye. Kama anaweza kujibu bila kukuna kichwa, saa yako imekwenda bure.

Kisha Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilipochukuliwa kusimamia ukumbi ule wa kompyuta, wa mabati, barabara ya kutoka Lodwar ilikuwa bado ya kuvunja viuno. Sasa ni lami, mnateleza kama mawaziri. Ukumbi mnaujua. Paa lile mchana lingeweza kuoka mkate wa kulisha jeshi. Paneli za sola juu, betri kwenye kona, na betri zikichoka zinapiga yowe kama mbuzi aliyekanyagwa. Jirani yetu Abdi, Msomali wa duka la simu, alikuwa na laini yake mwenyewe ya intaneti, nzuri kuliko yetu, na alihakikisha tunalijua hilo kila asubuhi.

Watu walipenda vikao vya maswali kuliko kitu kingine. Mtu amekaa kambini miaka na miaka, anaulizwa maswali kila siku na kila mwenye kitambulisho shingoni. Umetoka wapi, mko wangapi, mlipita wapi. Pale ukumbini, kwa saa moja, yeye ndiye anayeuliza, na mtu mkubwa ndiye anayejibu. Niliona mama wa Sudan Kusini akimbana mchekeshaji wa Uingereza mpaka akakiri kwamba hajui kupika hata chai. Alitoka pale akitembea kama mkuu wa wilaya.

Sasa niwape kesi iliyonikausha mate, maana hizi nyingine ni za kuchekea tu.

Furaha alikuwa mshonaji wa Kikongo, kibanda chake kilikuwa karibu na lango letu. Walifika kambini yeye na mama yake. Dada yake mkubwa, Neema, walipotezana njiani usiku wa mabomu, na tangu siku ile hakuna aliyemwona wala kumsikia. Kisha mwimbaji wao mmoja mashuhuri, Papa Lisolo, anayeishi ng'ambo, akatoa video ya wimbo mpya. Nyuma ya Papa Lisolo, kushoto, kuna mcheza shoo mwenye kitambaa cha njano kichwani. Anaonekana muda wa kupepesa macho, anainua bega, basi. Furaha alikuja na simu yake mkononi, amesimamisha picha hapo hapo.

"Papa, tazama bega," akaniambia. Wakongo wananiita Papa, na mimi sijawahi kulalamika. "Neema ndiye anainuaka bega hivyo. Njo yeye." Njo, kwao, ni ndiyo.

Nikatazama. Niliona kitambaa cha njano na ukungu. "Watu wanasemaje?"

"Wengine wanasema njo yeye, wengine wanasema ni vile ninamtaka. Mama hataki hata kuangalia."

Na hapo ndipo palipokuwa na moto. Furaha na mama yake walikuwa wamepata nafasi ya kwenda kuishi nchi ya mbali. Ndege ilikuwa wiki iliyofuata. Mama alikuwa amesema hapandi. Hatoki Afrika wakati mtoto wake mmoja hajulikani yuko juu ya ardhi au chini yake. Nafasi zile hazikungoji. Asipopanda inakwenda kwa wengine, na Furaha hawezi kumwacha mama peke yake kambini. "Ameniambia," akasema Furaha, "nikijua Neema yuko hai, nitapanda hata punda mwenye mabawa. Nisipojua, niacheni hapa."

Walikuwa wameshamwandikia Papa Lisolo kwa njia zote. Hakuna jibu; barua za mtu kama yule ni nyingi kuliko mchanga wa Lokichar. Lakini Jumatano ya wiki ile, alasiri, Papa Lisolo alikuwa ametangaza kikao cha maswali.

"Tumuulize kama mcheza shoo wake anaitwa Neema," Furaha akasema.

"Hapana, dada. Jina usiliweke mbele ya dunia." Alinielewa haraka. Kwanza, wale waliowakimbiza nao wanasoma mtandao. Pili, mwaka uliotangulia alikuwa ameandika jina la dada yake kwenye ukurasa wa kutafutana, wakajitokeza akina Neema kama kuku waliomwagiwa mtama, wote wakiomba nauli, mmoja akiwa na sauti ya besi.

"Na tatu," nikamwambia, nikishusha sauti, "anayejibu si Papa Lisolo." Nikamweleza habari za jamaa wa Nairobi, chumba, chapati, yote.

Furaha akanitazama. "Kweli, Papa?"

"Kweli kabisa. Kwa hiyo tunamtega. Tunauliza kitu ambacho jamaa huyo hawezi kukijua hata wamwongezee mchuzi. Kitu cha nyumbani kwenu. Neema pekee akijue."

Alifikiri huku akipitisha tepu ya kupimia kati ya vidole. Mwishowe akasema, "Redio." Baba yao alikuwa na redio nyekundu, akiipenda kuliko mashati yake. Furaha akiwa mdogo, redio ile ilikutwa sakafuni imepasuka katikati. Neema akajitaja mwenyewe kwamba ndiye. Akapigwa na baba, akalala nje jikoni, na jambo likaisha hivyo. "Ukimuuliza nani alivunja redio," akasema, "hawezi kusahau. Alipigwa kwa sababu yake. Atasema ni mimi."

Swali lilitutoa jasho mchana kutwa. Tulipomaliza lilikuwa hivi: *Papa Lisolo, kwenye video yako mpya, nyuma kushoto, kuna mcheza shoo mwenye kitambaa cha njano. Tafadhali muulize: ile redio nyekundu ya nyumbani, ilivunjwa na nani?* Nikalisoma kwa sauti mara nyingi. Halikuwa na jina, halikuwa na kambi, halikuwa na machozi. Nakiru angelipitisha.

Jumatano ukumbi ulijaa mpaka kuta zikataka kutoka zikapumue. Habari zilikuwa zimezagaa. Walikuja Wakongo, Warundi, Wasudani, Wasomali, Waturkana wenzangu wa Kakuma mjini, kila mtu na maoni yake kuhusu bega. Mama yake Furaha hakuja. Alisema haendi kutazama mashine.

Kikao kikafunguka, nikatuma swali, na ukumbi mzima ukabonyeza mshale. Swali likapanda. Likapita la mtu aliyeuliza Papa Lisolo anapaka nini ndevu. Likapita la viatu. Watu wakaanza kupiga makofi kama tuko uwanjani. Likawa la nne, la tatu. Kisha likatoweka.

Pale lilipokuwa pakabaki mstari mmoja mwekundu: swali limeondolewa, kura si halali.

"Wamelitoa!" mtu akapiga kelele. "Mzee, wamelitoa!"

Furaha alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu na kucha zake zilikuwa nyeupe.

Nilichukua muda kuelewa, na ninawaeleza ili nanyi msirudie. Watu wote wale, kompyuta zote, simu zote zilizounganishwa na mtambo wetu, zinatoka nje kupitia mlango mmoja. Sisi kwetu mtu akiwa na shida mnakwenda wote kukaa naye, ndiyo heshima. Tulikuwa tumekuja mia kumbeba Furaha. Mtambo wa kule ng'ambo haukuona watu mia. Uliona mtu mmoja mwenye vidole mia, tapeli.

Nikapanda juu ya kiti. "Tokeni!" nikapaza sauti. "Tokeni wote! Mkimpenda huyu dada, msikae hapa! Kila mtu simu yake, laini yake, bando lake! Nendeni mbali! Tawanyikeni!"

Wakanitazama kama nimepigwa na jua. Kisha mama mmoja wa Kirundi akaelewa, akashika kanga yake kwa meno akakimbia, na wengine wakamfuata. Nimeona mafuriko ya Turkwel, nimeona ng'ombe wakitoroka mnadani. Sijaona kitu kikitoka mlangoni kama walivyotoka wale watu. Kidogo tu ukumbi ulikuwa mtupu, na ndala moja katikati.

Sisi tukakimbilia kwa Abdi. Ukumbi ulikuwa umeshafungiwa kuuliza na kupiga kura, nilihitaji mlango mwingine wa kulipitishia swali upya.

"Abdi, nipe simu yako."

"Ya biashara?"

"Hiyo hiyo."

"Walaal, ndugu yangu, nina wateja hapa, mmoja anangoja…" Akamwona Furaha nyuma yangu. Akamaliza sentensi yake kwa Kisomali, ndani ya ndevu, akaitoa simu. "Andika. Na usiangalie picha zangu."

Nikaliandika upya. Mikono ilikuwa na jasho hata kioo hakinitambui. Nikalituma, likaingia chini kabisa, chini ya maelfu. Papa Lisolo huko juu alikuwa anajibu kuhusu ndevu. Alisema ni za asili. Akaulizwa anapenda chakula gani, akasema pondu, kisamvu cha kwao. Akaulizwa pondu ya wapi. Kila jibu la pondu lilikuwa linakula saa yetu.

Tukarudi ukumbini, ambako kioo ni kikubwa, kutazama. Halisogei. Halisogei. Halafu mshale mmoja. Halafu mitano. Halafu nikawa nawaona watu wale kwa akili, mmoja yuko kwenye kinyozi, mwingine kwenye foleni ya maji, mwingine amesimama juu ya jiwe akitafuta mtandao huku amenyanyua simu kama anamwonyesha Mungu. Betri zikaanza kupiga yowe. Nikazima kompyuta zote, nikazima feni, nikaacha mashine moja. Joto likatukalia mabegani. Walikuwa wameanza kurudi taratibu, wakisimama mlangoni bila kuingia, kama watu wa matanga.

Ndipo mama yake Furaha akaingia. Majirani walikuwa wamemshika mikono kila upande. Alikaa kwenye benchi la nyuma akigeuzia uso mlango, si kioo. Hakuna aliyemweleza kitu, na yeye hakuuliza.

Swali likafika juu. Papa Lisolo akalijibu.

Nikasoma. Aliandika: *Mnamtaka mcheza shoo wangu? Mwacheni afanye kazi, ana mazoezi!* Na vikaragosi vya kucheka, safu nzima.

"Amecheka tu," Furaha akasema polepole. "Amecheka, Papa."

Chini ya jibu kuna nafasi ya kumjibu anayejibu, na hiyo hawakuwa wametufungia. Nilikuwa bado natafuta la kusema, fupi, lisilolia, kama nilivyofundishwa, Furaha akanisogeza kwa kiwiko akakaa kwenye kiti changu. Mtu wa cherehani ana vidole vyepesi. Aliandika: *Muulize tu. Atajua ni nani anauliza.* Akatuma kabla sijamaliza kusoma.

Saa ikafika. Papa Lisolo akaandika kwa wote: asanteni, nawapenda, tuonane kwenye jukwaa. Kikao kikafungwa. Mlangoni watu wakatoa sauti moja, ile ya kushusha mzigo mahali pabaya. Mtu akasema twendeni. Hakuna aliyekwenda.

Chini ya maneno ya Furaha kulikuwa na vidoti vitatu, alama ya kwamba mtu wa upande wa pili anaandika.

Vilicheza. Vikapotea. Vikacheza tena. Betri zikapiga yowe refu, kioo kikafifia, na mimi nikashika waya kwa mikono miwili kana kwamba naweza kuusukumia umeme kwa nguvu za kifua. Vidoti vikapotea. Nikasikia mtu anasali kwa Kiswahili cha Bukavu na mwingine kwa Kiarabu cha Juba. Vidoti vikarudi, na jibu likaja.

Nikalisoma kwa sauti, maana kila mtu alitaka kusikia na kioo kilikuwa kinakufa: *Nimemuuliza. Ameketi chini, hawezi kusimama. Anasema redio hakuvunja yeye. Alikubali tu kupigwa. Anasema aliyevunja anajijua.*

Halafu kioo kikazimika.

Furaha akainama mpaka paji la uso likagusa kibodi. "Si yeye," akasema. "Neema ndiye alivunja. Sisi wote nyumbani tunajua. Si yeye, Papa."

Ukumbi ulinyamaza hata mabati yakasikika yakipanuka. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuweza kuvumilia ukimya ule. Nikasimama nikawaambia watu yale niliyoyajua tangu Lodwar: kwamba msihuzunike sana, huyo siyo mcheza shoo wala Papa Lisolo, ni yule jamaa wa Nairobi, amekisia, akakosa, ndivyo alivyo.

Nyuma, benchi likalia. Mama yake Furaha alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza alikuwa ametugeukia. Majirani walitaka kumshika mikono, akaitoa.

"Papa," akaniambia, bila kupandisha sauti, "hakuna mwanaume wa Nairobi. Ile redio nilivunjaka mimi. Huyo njo mutoto wangu."